Jina la printa lipo, kazi haifiki: uchapaji bila draiva kwenye Linux

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Mwezi uliopita nilinunua printa ya Wi-Fi, na laptopu ya dukani inatumia Debian 12. Asubuhi nikiwasha printa, laptopu inaiona na inaprinti vizuri. Baada ya muda mfupi jina la printa bado linaonekana kwenye orodha, lakini kazi hazitoki. Naambiwa printa huenda haipo au haipatikani kwa sasa. Wakati huohuo simu yangu inaprinti bila tatizo. Printa na simu ziko kwenye Wi-Fi, laptopu nimeichomeka kwa kebo kwenye ruta hiyohiyo. Nimeweka draiva ya mtengenezaji, nimefuta printa na kuiongeza tena mara nne, sasa nina printa tatu zenye majina yanayofanana na wateja wanasubiri. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Najua adha ya mteja aliyesimama kaunta na fomu ya chuo inayofungwa saa kumi. Nakushukuru pia, kwa sababu umetaja mambo mawili ambayo wengi wanaoniuliza kuhusu printa huyaacha: kwamba jina linabaki wakati kazi haifiki, na kwamba laptopu iko kwenye kebo ilhali vifaa vingine viko kwenye Wi-Fi. Hayo mawili karibu yanatosha kutoa jibu. Kwa maelezo yako, printa ni nzima na draiva haihusiki hata kidogo. Laptopu inakumbuka kwamba printa ipo, ila imesahau inakaa wapi, na kila ikiuliza, swali halivuki kutoka upande wa kebo kwenda upande wa Wi-Fi.

Nieleze kwa nini nasema hivyo, maana ukielewa njia inayopitwa na kazi ya kuchapa, hutaifuta printa na kuiongeza tena mara ya tano.

Zamani kila printa ilikuwa na lugha yake, na kompyuta bila draiva ya modeli ile ile haikuweza kusema nayo. Printa za sasa zinajieleza zenyewe. Zinatumia protokoli ya IPP, poti 631, na kompyuta ikizifikia inaziuliza moja kwa moja: unapokea mafaili ya aina gani, una karatasi gani kwenye trei, unachapa pande mbili, una rangi? Printa inajibu yote, na CUPS, ambayo ndiyo mfumo wa uchapaji kwenye Linux, inatengeneza foleni kutokana na majibu hayo. Apple ilianza njia hii kwa AirPrint mwaka 2010, na mwaka 2013 Printer Working Group ikatoa kiwango kilicho wazi kwa wote kiitwacho IPP Everywhere. Kumwekea printa ya namna hii draiva ya mtengenezaji ni sawa na kuleta mkalimani kati ya watu wawili ambao wote wanajua Kiswahili. Mara nyingi mkalimani huyo ndiye anayeharibu mazungumzo. Tena wasimamizi wa CUPS wameshatangaza kwamba draiva za mtindo wa zamani zitaondolewa kwenye matoleo yajayo, kwa hiyo usijenge biashara yako juu yake.

Ila kabla ya mazungumzo lazima watu wakutane, na hapo ndipo shida yako ilipo. Printa na laptopu hukutana kwa njia inayoitwa mDNS. Hakuna seva ya kati inayoweka orodha ya nani yuko wapi. Laptopu, kupitia programu ya Avahi, inapaza sauti kwa mtandao mzima kwa anwani ya kundi 224.0.0.251, poti 5353 ya UDP: hapa kuna printa? Kila printa iliyosikia inajibu. Na printa inapowashwa haisubiri kuulizwa; inapiga hodi yenyewe, inataja jina lake, huduma yake na anwani yake.

Sasa angalia jambo hili, ndilo kiini cha tatizo lako. Taarifa zile za hodi zina umri. Kiwango cha mDNS, RFC 6762 cha mwaka 2013, kinapendekeza taarifa zinazobeba jina la mashine, yaani zile zinazosema printa fulani iko kwenye anwani fulani, ziishi sekunde 120 tu. Nyingine, pamoja na ile inayosema "hapa kuna huduma ya kuchapa inayoitwa fulani", huishi dakika 75. Umri ukikaribia kuisha, laptopu inatakiwa kuuliza upya. Swali lisipofika, anwani inafutika ndani ya dakika mbili, huku jina likiendelea kuning'inia kwenye orodha kwa zaidi ya saa nzima. Asubuhi umewasha printa, hodi yake imefika, kazi ya kwanza imetoka. Dakika chache baadaye jina lipo, anwani haipo. Ndivyo ulivyoeleza.

Usiniamini kwa maneno tu, pima mwenyewe. Weka zana hizi mbili ndogo:

`sudo apt install avahi-utils cups-ipp-utils`

Kisha, wakati tatizo lipo, siyo asubuhi mambo yakiwa mazuri, andika:

`avahi-browse -rt _ipp._tcp`

Mstari unaoanza na alama ya kujumlisha maana yake jina limeonekana. Mstari unaoanza na alama ya sawasawa, ukifuatiwa na anwani ya IP na poti, maana yake anwani imepatikana. Ukiona kujumlisha peke yake na baadaye ujumbe wa `Failed to resolve service`, ugonjwa ni huohuo niliokueleza. Baada ya hapo chomoa kebo, unganisha laptopu na Wi-Fi ileile ya printa, usiguse kitu kingine chochote, rudia amri. Anwani ikitokea, umemkamata mhusika: ni ruta yako, mahali inapounganisha upande wa kebo na upande wa Wi-Fi.

Neno moja kuhusu simu. Ulisema simu inaprinti, nami nimelichukua kama ushahidi kwamba printa ni nzima. Lakini hakikisha simu haiprinti kwa Wi-Fi Direct, ambapo simu na printa zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe bila kupitia ruta. Kama ni hivyo, simu haithibitishi lolote kuhusu mtandao wa duka. Fungua mipangilio ya Wi-Fi ya simu wakati inachapa uangalie imeshika jina gani la mtandao.

Kwa nini ruta ifanye hivyo? Ruta nyingi zina kipengele cha kupunguza kelele za ujumbe wa kundi: zinachunguza nani amejiandikisha kupokea ujumbe gani, na wasiojiandikisha hawapelekewi. Ni jambo jema kwa video za moja kwa moja. Anwani zinazoanza na 224.0.0 zinatakiwa kuachwa zipite kwa wote, lakini baadhi ya ruta za bei nafuu hazifanyi hivyo sawasawa. Ingia kwenye ukurasa wa ruta utafute mahali palipoandikwa IGMP Snooping au Multicast Filtering, uzime, uwashe ruta upya, upime tena. Ukiwa humo angalia pia AP Isolation au Wireless Isolation; hiyo inazuia vifaa kuonana kabisa, na huwa imewashwa kwenye mtandao wa wageni. Nimewahi kukaa mchana mzima kwenye ofisi moja nikikagua CUPS mstari kwa mstari, kumbe printa iliunganishwa na Wi-Fi ya wageni na kompyuta zote ziko kwenye Wi-Fi ya wafanyakazi. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni hilo: vifaa vyote viwili viko mtandao gani?

Inawezekana ruta yako umepewa na kampuni ya intaneti na mipangilio hiyo imefichwa. Usihangaike. Kwa duka lenye printa moja isiyohama, mimi binafsi ningeacha kutegemea mDNS hata kama ingekuwa inafanya kazi. Printa haibadilishi mahali. Ipe anwani ya kudumu na uielekeze laptopu huko moja kwa moja.

Anza kwa kujua anwani yake. Ipo kwenye kioo cha printa, sehemu ya mtandao, au kwenye karatasi ya taarifa za mtandao ambayo printa inaweza kujichapia. Kwenye ruta, sehemu ya DHCP, yaani inayogawa anwani kwa vifaa, hifadhi anwani hiyo kwa namba ya MAC ya printa, yaani namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe. Fanya hivyo kwenye ruta, usiiandike kwenye printa yenyewe ukidhani umemaliza, maana ruta isiyojua inaweza siku moja kumpa mteja wa Wi-Fi anwani ileile na ukapata printa inayopotea bila mpangilio. Tuseme anwani ni 192.168.1.50. Kwanza:

`ping -c 4 192.168.1.50`

Isipojibu hapa, acha yote mengine urudi kwenye kuzuiana kwa vifaa niliyoeleza. Ikijibu, iulize kwa lugha yake:

`ipptool -tv ipp://192.168.1.50/ipp/print get-printer-attributes.test`

Utamwagiwa mistari mingi. Soma michache tu. `document-format-supported` inakuambia aina za mafaili inazopokea. Ukiona `application/pdf`, `image/urf` au `image/pwg-raster`, printa hii haihitaji draiva. Usipoona hata moja kati ya hizo, hapo ndipo draiva inaingia, na mara nyingi ni printa za kabla ya AirPrint. `media-ready` ni karatasi inayodhani iko kwenye trei. `printer-state-reasons` ni malalamiko yake kama tona imeisha au mlango uko wazi. Nampenda mtu anayeanza na amri hii, kwa sababu inazungumza na printa bila kupita kwenye foleni yoyote. Ikijibu vizuri, lawama yoyote iliyobaki iko kwenye laptopu.

Sasa safisha. Angalia foleni ulizonazo na zinaelekea wapi:

`lpstat -v`

Yenye anwani inayoanza na `implicitclass` imetengenezwa na cups-browsed, huduma inayotafuta printa za mtandao na kuziundia foleni yenyewe. Yenye jina refu la modeli na njia ya ajabu ni ya draiva ya mtengenezaji. Hizo ndizo printa tatu zako: ni mlango mmoja wenye vibao vitatu. Ondoa draiva ya mtengenezaji kwa apt, kisha futa kila foleni kwa `sudo lpadmin -x` ikifuatiwa na jina la foleni. Ile ya cups-browsed itarudi hata ukiifuta, kwa hiyo izime huduma hiyo yenyewe:

`sudo systemctl disable --now cups-browsed`

Hutakosa kitu. CUPS kwa kushirikiana na Avahi inaweza kuona printa za mtandao bila cups-browsed, na kuna sababu nyingine ya kuizima ambayo naichukulia kwa uzito: Septemba 2024 mtafiti Simone Margaritelli alionyesha kwamba cups-browsed, ikiwa inasikiliza poti 631 ya UDP, ingeweza kudanganywa na mtu wa mbali kuongeza printa ya uongo, na kazi ikitumwa huko, amri za mshambuliaji zikaendeshwa kwenye kompyuta. Marekebisho yalitoka, hivyo fanya apdeti. Lakini duka ambalo wateja wanaunganishwa Wi-Fi halina haja ya kuacha huduma hiyo wazi.

Hakikisha printa imewashwa, maana amri inayofuata inaiuliza sifa zake papo hapo, kisha:

`sudo lpadmin -p steshenari -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere`

`sudo lpadmin -p steshenari -o PageSize=A4 -o printer-error-policy=retry-job`

`lp -d steshenari /usr/share/cups/data/default-testpage.pdf`

Mstari wa pili usiuruke, una mambo mawili yaliyonipotezea muda mwingi kuliko mDNS yenyewe.

La kwanza ni karatasi. Sisi tunatumia A4, lakini mafaili mengi yanayoletwa dukani kwenye flashi yametengenezwa na programu zilizobaki na kipimo cha Marekani, Letter. Ni fupi kuliko A4 na pana kidogo. Printa ikiambiwa Letter na trei ina A4, nyingi zinasimama kimya zikisubiri mtu aweke karatasi, taa inawaka na kuzima, na kwenye laptopu inaonekana kama mtandao umekatika tena. Faili la namna hiyo ulitume kwa `-o media=A4 -o print-scaling=fit` na litakaa sawa.

La pili ni foleni kusimamishwa. Kazi ikishindwa, CUPS inaweza kuifunga foleni nzima, na haifungui yenyewe hata printa ikirudi. Nina hakika baadhi ya zile mara nne ulizofuta na kuongeza printa, tatizo la mtandao lilikuwa limeshapita na foleni tu ndiyo ilikuwa imefungwa. Ukiiongeza upya inafunguka, unadhani umeponya. `lpstat -p` itakuambia kama imefungwa, na `sudo cupsenable steshenari` inaifungua. Sera ya `retry-job` inaifanya CUPS ijaribu tena badala ya kufunga, na ndiyo inayofaa mahali pa biashara.

Wapo watakaosoma hapa wakiwa na dalili inayokaribiana na yako lakini chanzo tofauti: `avahi-browse` inatoa anwani vizuri kabisa, bado kazi haiendi. Hao waangalie kama kompyuta inaweza kutafsiri majina yanayoishia `.local`. Chukua jina la mashine kutoka kwenye majibu ya Avahi, kwa mfano `printa.local`, uandike `getent hosts printa.local`. Kimya maana yake kifurushi cha `libnss-mdns` hakipo, au mstari wa `hosts` kwenye `/etc/nsswitch.conf` hauna `mdns4_minimal [NOTFOUND=return]` kabla ya `dns`. Hutokea sana kwa waliosakinisha Debian bila vifurushi vinavyopendekezwa. Kwenye FreeBSD, mfumo mwingine unaotumia CUPS, ni kifurushi cha `nss_mdns`, mipangilio ya CUPS iko `/usr/local/etc/cups`, na Avahi haitaamka kama dbus haijawashwa. Kuhusu fayawoli: ufw kwa kawaida yake inaruhusu mDNS, usiihangaikie. Firewalld kwenye eneo la `public` hairuhusu hadi uongeze: `sudo firewall-cmd --permanent --add-service=mdns`, kisha `sudo firewall-cmd --reload`.

Kuna na hili la cheti, linalowapata waliorejesha printa kwenye hali ya kiwandani. Kama foleni yako inatumia `ipps`, yaani IPP iliyofichwa kwa usimbaji, CUPS inakumbuka cheti cha printa, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, cha mara ya kwanza. Printa ikijitengenezea kingine, CUPS inakataa kusema nayo, na kwenye hali ya printa utaona neno linaloanza na `cups-pki`. Futa cheti cha zamani cha printa hiyo ndani ya `/etc/cups/ssl`, utume kazi upya. Amri niliyokupa inatumia `ipp`, hivyo halikuhusu leo, ila ukibadilisha siku moja utakumbuka.

Kama wateja wako mlangoni sasa hivi na huna muda wa ruta, chomeka printa kwa kebo ya USB. Programu ya `ipp-usb` itaifanya printa ionekane kana kwamba ni ya mtandao ndani ya laptopu yenyewe, kwenye poti 60000 ya localhost, na utachapa bila draiva vilevile. Angalizo: `ipp-usb` ikishika kifaa, foleni ya zamani ya USB iliyotengenezwa na draiva haitaweza kukigusa. Ndiyo sababu nyingine ya kuisafisha kwanza.

Ukifanya yote haya na kazi ikakwama bado, washa kumbukumbu za kina kwa `cupsctl --debug-logging`, tuma kazi moja tu, kisha nitumie mistari ya mwisho mia mbili ya `/var/log/cups/error_log` pamoja na majibu ya `lpstat -v` na ya `ipptool`. Moja tu, tafadhali. Kazi kumi zikichanganyika kwenye faili hilo kusoma kunakuwa kugumu. Halafu zima kwa `cupsctl --no-debug-logging`, kwa sababu majina ya mafaili ya wateja wako yanaandikwa humo.